Miezi Kumi na Mmoja

Alhamisi, saa mbili na robo, kabla sijafungua dirisha,
Yoramu Chedego ameshakaa kwenye benchi la masijala,
kofia gotini, bahasha ya kaki kwapani,
kama mtu aliyeleta mahindi na hajaulizwa bei.

Miaka thelathini na mmoja alisimama getini
pa soko la nafaka, hapa Kibaigwa,
akikata stakabadhi za ushuru, gunia kwa gunia,
vumbi la pumba likimpaka mvi kabla ya siku zake.
Madereva wa malori walimwita Kufuli.
Hakuna gunia lililompita.
Kilichompita ni hiki:
Julai tisini na nane hadi Mei tisini na tisa,
mshahara ulikatwa, mchango haukufika.

"Ulikwenda wapi?" huniuliza, wala si kwa hasira,
ni kama anayeuliza jina la kijiji alichokipita usiku.
Namjibu nilivyofundishwa kujibu:
mwajiri wa wakati ule, mfuko wa wakati ule,
majalada yalihamishwa,
na kasha la pili mchwa walilihakiki kabla yetu.

Kikokotoo.
Nalijua neno hili kuliko ninavyozijua zaburi.
Wastaafu hulitamka wameuma meno.
Mimi ndani yake nasikia kokoto,
nasikia mtu anakokota mkokoteni mchangani
na pancha ya gurudumu moja.
Kazi yangu ni kuweka nambari mahali pa mtu:
miezi ya utumishi, wastani wa mshahara,
mkupuo,
na kile kitakachodondoka kila mwezi
mpaka mwingine aje na cheti cha kifo.

"Leta hati za mshahara," nilimwambia mwezi wa tatu,
"zile za karatasi, moja moja."
Akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia.
"Perusi alizifungia karanga."

Mkewe. Nilimfahamu.
Meza fupi pale stendi, karanga za kukaanga na chumvi,
na kila karatasi ya nyumba ile ilikunjwa pembe:
madaftari ya watoto, matangazo ya mkutano,
na mshahara wa baba pamoja na makato yake yote.
"Karanga zile zilimsomesha Lea ualimu," akasema.
"Sasa nimdai nini marehemu?"

Kwa hiyo Kibaigwa nzima ilikula ushahidi,
ikakung'uta chumvi, ikatupa.

Jana jioni nilibaki peke yangu ofisini.
Agosti nami natimiza sitini,
na barua yangu ya kuthibitishwa kazini siioni,
maana mganga hajigangi.
Nikafunua rejista ya barua zilizoingia, mwaka elfu mbili.
Ukurasa wa Machi ulikuwa na alama:
karatasi iliyowahi kukunjwa pembe, ikanyooshwa,
madoa ya mafuta yakipitisha mwanga wa taa.
CHEDEGO Y. Novemba 1998.
Mchango wa mfuko: shilingi elfu mbili mia saba na hamsini.

Basi nami nilikula.

Mwezi mmoja. Kumi bado.
Nimeigongea muhuri wa kupokelewa,
nimeitolea nakala tatu,
nimeandika barua ya kuiambatisha kwenda Dodoma,
nikafika penye maneno "chanzo cha kielelezo"
kalamu ikasimama.
Niliandika: kimepatikana masijala.
Nikakata.
Nikaandika: karanga za marehemu Perusi Chedego,
zilizolipiwa.

Sijui kama watakubali.
Mkuu wangu atasema hii si lugha ya serikali,
na atakuwa amesema kweli.
Barua yangu mwenyewe bado sijaiona.

Saa mbili na dakika kumi. Dirisha nimelifungua mapema.
Namwona kule ng'ambo ya barabara kuu, bahasha kwapani.
Anangoja lori lipite.
Linapita. Anangoja na la pili,
midomo ikicheza kidogo,
anahesabu magunia.