Kompyuta Imerudi Shaabani

Nilibonyeza "ndiyo" kwa uchovu.
Saa saba ya usiku, nimeinamia ua la kanzu ya Maulidi,
kikachomoza kidirisha cheupe chenye adabu za mchumba:
mfumo mpya umewasili, ni mwepesi, wapendeza, tuuweke?
Ndiyo, nikasema, kama mtu afukuzaye nzi.

Kipya kinyemi.
Asubuhi kilikuwa kidonda.

Mfumo mpya haukuitambua cherehani ya tarizi.
Programu niliyoinunua kwa mafungu matatu Mtaa wa Biashara
ikafunguka nusu, ikafumba, kama jicho la mgonjwa.
Sindano sita zimesimama juu ya kitambaa
zikingoja neno
kwa lugha ambayo kompyuta imeisahau usingizini.
Mbachao wangu ulikuwa umetoboka magotini, najua,
lakini ule msala ulikuwa wapita tu.

Shufaa, fundi wa Kibokoni,
ghorofa ya pili juu ya duka la mabuibui,
hakunicheka. Aliuliza:
"Wataka kurudi nyuma. Nyuma ipi? Nakala ya akiba unayo?"

Nikarudi nyumbani, nikainama
(yule mtaka cha mvunguni ndiye mimi)
nikaitoa diski ndani ya soksi ya mtoto,
ikinuka viatu na chumvi,
chumvi ya hewa yetu inayokula bawaba, inayokula bati,
inayokula kila anayekiamini chuma.

"Ni ya lini hii?"
"Mwisho wa Shaabani."
"Na sasa ni mfunguo sita. Miezi saba itafutika. Wajua?"

Nilijua. Sikujua.

Saa ya kwanza mstari ulitambaa.
Saa ya pili ukatuambia zimebaki dakika kumi na moja.
Saa ya tatu, dakika kumi na moja.
Stima ikapepesa, sote wawili tukaikamata meza
kana kwamba meza ndiyo inayozama.
Shufaa akalipasua hamri, akanipa nusu yenye hewa.
Chini yetu mtu alikuwa akipigania bei ya buibui la mkwewe,
na aliposhindwa tulimsikia akishuka ngazi
akihesabu nauli.

Maji yakimwagika hayazoleki, tulifunzwa.
Haya yalizoleka,
yakarudi mtungini na mchanga wake.

Baada ya magharibi ikawaka.
Mfumo wa kale, na kile kijani chake nilichokichoka,
ukaniamkia kama mtu aliyetoka kidogo kununua kiberiti.
Haujui kwamba tumefunga.
Haujui kwamba tumekula idi mbili.
Ukanikumbusha: kesho, kodi ya chumba cha Tudor.
Chumba nilikihama.
Ukanifungulia daftari:
Kassim Shebe wa Guraya, kanzu nne, elfu kumi na mbili, hajalipa.
Naye Kassim alilipa, mfunguo pili, noti moja moja,
akizihesabu kwa sauti ili majirani wasikie.
Na ua langu la mwaka huu, lile la vitawi saba,
nililolibuni usiku mtoto alipokuwa na homa,
halipo. Nililitafuta hata mahali ambapo maua hayawekwi.

"Elfu mbili," Shufaa akasema, "na masasisho nimeyazima.
Ukiulizwa tena, jibu baada ya kulala."

Saa nne za usiku sindano sita zilikuwa zikitembea,
ua la mwaka jana, kwa wateja wa mwaka huu.
Nikamfutia Kassim deni lake mara ya pili.
Kisha nikaifungua orodha ya wale wanaopewa kofia ya Maulidi bure,
na pale, baina ya mwadhini na mjomba Badi,
likakaa jina la kaka yangu Athmani,
nililolitoa mfunguo nne, tulipogombania nyumba ya mama.

Kidole kilisimama juu ya kitufe.
Cherehani ikaendelea.
Kipimo cha kichwa chake kipo vilevile, ishirini na mbili na nusu.
Nikaliacha.
Mashine ndiyo iliyoliandika, nilijisemea,
si mimi.