Tarehe Mosi Julai, Montreal

Aprili nilianza na daftari.
Ukurasa wa kwanza: lori. Wa pili: nani atabeba friji,
maana mdogo wake Réjean mgongo umemgomea tangu Krismasi.
Wa tatu nilichora ngazi,
zile za chuma, za nje, zilizojikunja kama gamba la konokono.
Nikapima kila kona kwa utepe.
Nikapima kochi.
Nikapima kochi tena.
Liliingiaje humu? Hakuna akumbukaye.

Mjini kwetu mikataba karibu yote hufa siku moja.
Asubuhi ya tarehe mosi nusu ya mtaa imo ngazini
na nusu nyingine inangoja ipishwe.
Sisi tunakwenda kwa kina Lavergne,
kina Lavergne kwa mjane wa mtaa wa Chambord,
mjane kwa binti yake,
na binti, nasikia, amenunua godoro la upepo, amenyamaza.
Mmoja akichelewa kufunga virago
sote tunalala barazani.
Ndiyo maana nilianza Aprili.

Maboksi nimeyaomba duka la mvinyo,
madogo, magumu, yenye vyumba vya chupa ndani:
glasi kumi na mbili hukaa humo kama watoto wa bweni.
Vitabu, boksi dogo. Mito, boksi kubwa.
Ukigeuza hapo, umevunja watu viuno.
Kila moja nimeliandika ubavuni:
JIKONI 1. JIKONI 2. BAFU. NYAYA, ZA NINI HATUJUI.
Réjean haandiki. Réjean huokota.
Nikitupa kifuniko kisicho na sufuria
kesho nakikuta ndani ya BAFU.
"Sufuria yake itatokea," anasema.
Miaka thelathini na mmoja nimeolewa na tumaini hilo.

Halafu, kabatini, nyuma ya makoti ya baridi,
boksi ambalo sikulifunga mimi.
Utepe umekauka, umekuwa rangi ya chai, haujakatwa.
Lilihama nasi mara ya mwisho, miaka kumi na minne,
halikufunguliwa. Wala hatukukosa kitu.
Ubavuni, kwa kalamu nene, mwandiko wa kaka yangu Normand:
TARATIBU.
Basi. Si jikoni, si bafu.
Alikuja siku ile na glavu zake za kiwandani,
akapandisha nusu ya maisha yetu ghorofa ya tatu
akitukana kila kidato kwa jina lake.
Februari iliyofuata tukambeba yeye.

Daftari langu halina ukurasa wa hilo.
Réjean alilitikisa sikioni: kimya.
Jepesi. Huenda ni kikombe.
Huenda ni magazeti tu, aliyakunja akasahau alichotaka kufunga.
Nilichukua kisu.
Nikakatia mkate.

Leo joto digrii thelathini na tatu.
Friji imekwama kona ya pili:
niliipima friji, sikupima vidole vya wabebaji.
Kochi tumeliacha kando ya njia, na kabla lori halijafungwa
vijana wawili wamelikalia, wanabishana kama litaingia kwao.
Litaingia.
Habari za kutoka sikuwaambia.

Tukafika, kina Lavergne wamo bado.
Lori lao limeharibika darajani.
Tukakaa ngazini, nyumba mbili mahali pamoja,
pizza, bia ya vuguvugu, paka mmoja kizimbani akilia kwa niaba yetu sote.
Boksi nilikuwa nalo miguuni, sikulitia lorini.
Ginette Lavergne akatafuta pa kuweka sahani,
akaiweka juu yake,
akainama kufuta jasho,
akasoma ubavuni.

Hakuuliza.
Aliinua sahani kwa mikono miwili
akaipakata.