Vidole Viwili

Matundu ya boliti yalipishana kwa vidole viwili.
Volga ya marehemu baba,
injini ya Mercedes, yatima wa teksi ya Batumi:
hazikuumbwa kujuana.

Zauri hakulaumu chuma.
Alikata bamba la lori bovu,
akalikunja, akalichomelea kwenye chesi,
akatoboa upya;
mpira wa tairi la trekta
ukawa mto kati ya mgeni na mwenyeji.
Mara tatu boneti ilikataa kufungika.
Ya nne ikakubali, kwa aibu ya nyundo.

Usiku alipanda kilima cha Kutaisi bila kukohoa.
Mama akatoka na taa:
"Nani wewe?"
Mbwa, aliyezoea kuipokea Volga tangu darajani,
alibweka mpaka mlango ulipofunguka
na harufu ya grisi ikamtaja mwenyewe.