Mwari wa Kariobangi

Chokaa tuliiloweka Januari, kwenye pipa nyuma ya sakristia.
Ikachemka bila moto, ikatulia,
ikawa laini kama samli ya wenye nazo.
Mimi ni fundi wa lipu. Kuta nazijua.
Sikujua tu kwamba ukuta mbichi una kiu ya saa sita,
rangi ikichelewa hukaa juu juu kama poda,
ikiwahi huingia, na haitoki tena.

"Leo nipe upana wa leso," Kageha angesema,
nami nampakia upana wa leso, si zaidi.
Kesho haipakwi leo.

Nyekundu: udongo wa Limuru, tumeuchekecha kwa soksi.
Nyeusi: makaa ya jikoni kwake.
Buluu iligombana na chokaa, ikafifia,
basi Bikira wetu kavaa kijivu cha asubuhi ya Julai
na hakuna aliyelalamika.

Walilalamikia ndege.

Padri Mutisya alitaka mwari,
yule ajidonoaye kifua, vifaranga wanywe damu.
"Ndiye Kristo," akasema, akafungua kijitabu.
Kageha akakitazama kidogo.
Kisha akatazama dirishani,
na walikuwepo, juu ya mabati ya shule,
korongo wa Dandora, vipara, mfuko shingoni,
wamesimama kama wakusanya kodi tarehe tano.

Akamchora huyo.

Jumapili minong'ono ilizidi sadaka.
Ndege wa jalala, juu ya altare!
Mwenyekiti wa parokia akaniuliza nitamfutaje.
Nikamjibu hafutiki, labda tubomoe ukuta.
(Patasi ingetosha. Sikusema.)

Misa ilipokwisha Nyaboke alibaki,
yule aokotaye chupa kule juu,
kidole gumba kimefungwa kitambaa.
Akasogea mpaka kwenye kamba.
"Huyu namjua. Tunagombania mifupa kila siku."
Akanyamaza.
"Sikujua naye ana damu."

Siku hizi napiga lipu maghorofani, Ruaka,
saruji tupu, siku tatu tumemaliza.
Mikono haiungui.
Lakini Kageha aliniambia jambo
akiwa juu ya jukwaa, brashi mdomoni:
chokaa huvuta hewa tunayoitoa,
miaka na miaka, ndipo iwe jiwe.

Basi kikohozi cha Nyaboke kimo mle,
kifuani, karibu na ule wekundu,
nacho bado kinakauka.