Chaneli ya Tatu

Kwanza, Lusajo, iteremshe flashi kichwani mwa kamera.
Pale juu ni tochi ya mgambo:
inamvaa mtu usoni, inamdai kitambulisho,
na ukungu huu wa Kyimbila, uliotuketia tangu alfajiri
kama mgeni asiyekaribishwa wala kuagwa,
utaurudisha mwanga wote kwetu, mweupe, mtupu.
Tutakuwa tumepiga picha ya maziwa.

Ifunge kwenye mwanzi. Kaza kwa utepe wa tyubu ya baiskeli.
Kipokezi chini yake, kirushi juu ya kamera yangu,
na vile vijiti vinne uvisukume kwa ukucha:
viwili juu, viwili chini. Chaneli ya tatu, huku na huku.
Betri za Mwanjelwa usizichanganye na mpya,
nzee huinyonya changa.
(Bibi anaitikia kwa kichwa. Ukoo anaujua.)

Ivike mfuko wa mkate, mvua ya hapa haipigi hodi.
Nguvu, robo. Nimesema robo.
Nenda nyuma ya migomba, kushoto kwake,
inua mpaka ncha ipite paa la banda la ng'ombe.
Mimi shata yangu ni moja ya mia na sitini;
nikikimbia zaidi ya hapo pazia litawahi kufunga
na utepe mweusi utamkata Bibi Tumwisege kiunoni,
mwanamke aliyebeba majani ya chai kwa miaka arobaini
bila kukatwa na kitu, isipokuwa mizani ya karani.

Alivaa sweta la marehemu. Viatu vya mvua
alivificha nyuma ya debe.
Picha aliyokuwa nayo ni moja, ya kadi ya kura:
paji la uso, na chini yake kivuli.

Waya uko wapi? akauliza.
Hakuna, Bibi.
Sasa kile kule kitajuaje kwamba wewe hapa umeamua?
Nikaanza habari za mawimbi, za redio.
Redio naijua, akasema. Inasema. Haisikii.

Nikabonyeza.
Kimya. Kijani cha migomba, na giza la migomba.
Nikabonyeza tena.
Lusajo akautikisa mwanzi kama mtu anayeangua parachichi,
parachichi lenyewe likadondoka, kweli, likampata begani,
Bibi akacheka,
na hapo, kidole changu kikiwa mfukoni kinatafuta betri,
flashi ikawaka yenyewe.

Sijui niseme nini.
Ukungu ulisimama nyuma yake kama ukuta uliopakwa chokaa.
Kila tone kwenye jani la mgomba lilikuwa na jina.
Niliona pengo la jino, niliona ulimi,
niliona msichana fulani ambaye hakuna aliye hai anayemkumbuka.
Kisha ukungu ukawa ukungu.

Ng'ambo ya ua, kwenye ngazi za kanisa,
Andongwisye alikuwa anapiga maharusi.
Chaneli ya tatu, naye.
Kumbe kipokezi changu kilikuwa macho,
ila kilimsikia mwingine.

Tukahamia ya kumi na moja: vitatu juu, kimoja chini.
Nikapiga kumi na mbili, zote safi,
nusu ya uso mwangani, nusu kwenye kivuli laini,
mgongo umenyooka kama siku ya sensa,
mdomo umefungwa kama bahasha ya serikali.
Akaitazama kwenye kioo cha kamera, kwa muda.
Ndaga fijo, akasema. Sasa naonekana mtu.
Imetundikwa sebuleni, juu ya kalenda ya ushirika.

Lakini kwenye albamu moja huko Katumba,
ukurasa sijui wa ngapi,
nyuma ya bega la bwana harusi, juu ya ua,
pana doa jeupe.
Andongwisye hakulifuta, namjua kwa uvivu.
Pale, Lusajo, ndipo Bibi anapocheka.