Ngazi za Ganjoni

Lifti ya jengo letu ilikufa mwezi wa Rajabu.
Wapangaji walimlaani mwenye nyumba, mimi nikamwombea:
ghorofa tisa, vidato mia moja na sitini na nne,
alfajiri kabla jua halijapasha saruji,
na mgongoni kilo kumi za mchele wa pishori
ambao sikuwa na nia ya kuupika.

"Mama Thureya, unahama au umerogwa?"
aliuliza mlinzi, siku ya tatu.
Nikamwambia nakwenda Kibo.
Akatazama buibui langu, akatazama viatu,
akasema tu, "Mpanda ngazi hushuka,"
akarudi kwenye redio yake.

Tulikuwa wanne, wote wa mita sifuri.
Kahindi, karani mstaafu wa bandarini,
aliyezoea kuhesabu makontena ya wengine;
Bhavna wa duka la miwani, Barabara ya Digo;
kijana Swabri, aliyekuja kwa sababu ya picha;
na mimi, fundi wa mapazia,
miaka hamsini na minne, goti la kushoto lina mambo yake.

Tangazo lilisema: kwa wanaoanza, wasiojua lolote.
Nilihisi nimeitwa kwa jina.

Jaketi nililinunua Kongowea, saa saba mchana,
Februari. Muuza mitumba akanisihi nilijaribu.
Nikalifunga zipu mpaka kidevuni,
watu wakasimama kutazama.
Jasho likashuka hadi kwenye soksi.
Ndani ya kola, kwa wino uliofifia, jina la mtu
wa nchi ya theluji. Sikulifuta.
Nilitaka mmoja wetu awe amewahi kuona baridi.

Kisha kule:
nilidhani sisi wa Mombasa ndio wenye polepole,
sisi tulioizaa, tukainyonyesha.
Aikaeli, kiongozi wetu, alitugeukia siku ya kwanza:
"Mbona mnakimbia?"
Akatufundisha kutembea upya.
Mguu uinue, uweke, uupumzishe.
Pumzi iingie kama mgeni, itoke kama mgeni,
usiizuie mlangoni.

Siku ya nne miti ilikuwa imetuacha zamani,
vichaka navyo, majani navyo,
ikabaki changarawe na upepo mkavu
kati ya Mawenzi na Kibo.
Jangwa. Juu ya mawingu, jangwa.
Midomo ikapasuka kama mkate wa juzi.
Nikakohoa vumbi, nikautamani ule unyevu wa Ganjoni
niliokuwa nikiulaani maisha yangu yote,
unaoozesha mapazia na kutia sindano kutu.

Kahindi aligeuka usiku ule wa mwisho.
Kichwa, alisema, kimejaa nondo.
Aikaeli akamtazama kucha kwa tochi,
akamuuliza leo siku gani, na mkewe anaitwaje;
la pili alilijibu, la kwanza akalicheka.
Msaidizi akashuka naye.

Watu huniuliza, mabibi wa jengo hasa,
wakishanikalisha na kahawa ya tangawizi:
uliona nini kule juu?
Wanangoja barafu. Wanangoja jua.
Dada yangu ndiye anayengoja kuliko wote.
Aliye juu mngoje chini, aliniambia siku naondoka,
na kweli kaningoja, kavuta kiti cha mbele.

Nasema barafu ilikuwepo. Jua lilitoka, nililiona.
Lakini saa saba nzima, gizani, kwenye kokoto
zinazokurudisha hatua moja kwa kila mbili,
nilichokiona ni visigino vya Aikaeli
ndani ya duara la taa:
kulia, kimya, kushoto, kimya,
na uzi mweupe uliochomoza kwenye mshono wa buti la kushoto,
kazi mbaya, sindano nene kuliko ngozi,
nami naushona upya akilini, tundu kwa tundu,
mpaka mtu akanishika bega, akaniambia nisimame,
hakuna tena pa kupanda.