Koti la Mifuko Miwili

Mwalimu wangu wa kwanza ulikuwa moyo wa ng'ombe,
Soko la Burma, alfajiri, umefungwa kwa gazeti,
mwenye bucha akiuliza, "Daktari, utausoma au utaupika?"
Niliusoma. Halafu nikaupika.

Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu.
Mimi nimeingia humo na taa kichwani
mara elfu mbili na ushee,
na sikukuta chuki wala mapenzi:
mafuta ya manjano,
vali zilizokakamaa kama ngozi ya kiatu kilichonyeshewa,
mlango mmoja usiotaka kufungika.

Moyo wa kwanza niliopewa kuhamisha ulitoka Eldoret
ndani ya kisanduku cha buluu, kama cha muuza aiskrimu.
Nje ya mtu huishi saa nne;
zikipita, ni nyama ya Burma.
Ndege ikatua Wilson, mvua ya Aprili,
Barabara ya Mbagathi imezibwa na lori la mchanga
lililolala ubavu.
Sista Kwamboka alivua viatu akakimbia nao
kando ya mtaro, kifuani, kama mtoto mwenye homa.
Tulichelewa dakika ishirini na sita.
Niliushona hata hivyo.
Haukuamka.
Jina la mgonjwa ninalo mpaka leo. La kijana wa Eldoret
sikuambiwa. Humwita Jirani.

Ndipo nikajifunza pampu.
Kidude kama ngumi ya mtoto, kinazunguka, hakilali,
waya unatoka tumboni kuzifuata betri mbili.
Damu haipigi tena, inapita tu,
kama maji ya bomba siku yanapopatikana.

Kasyoka, fundi cherehani wa Kayole,
siku ya tatu alijishika kifundo cha mkono, akanitazama:
"Daktari, mbona humu hamna mtu?"
Sikuwa na jibu. Nikamwambia amalize uji.

Usiku stima ilipopotea mtaa mzima
alinipigia saa nane, sauti kavu:
betri moja imezima, ya pili ina mistari miwili.
Kinyozi Shikuku akafungua duka, akawasha jenereta,
akamketisha kwenye kiti cha kunyolea hadi adhana.
Hela akakataa. Akaomba suruali yake ifupishwe.

Miaka tisa sasa. Huwashonea wenzake fulana za betri,
kitambaa cha Gikomba, uzi maradufu pembeni.
Walikuwa kumi na mmoja. Wamebaki saba.

Mwezi jana vidole vyangu vilitetemeka
juu ya uzi mwembamba kuliko unywele.
Mara moja tu.
Nikamwachia Daktari Halake sindano,
nikaenda kunawa. Nilinawa sana.

Kuagana: keki, picha,
kikombe chenye jina langu lililokosewa.
Kasyoka akaja na koti la kijivu.
Ndani, kulia na kushoto, mifuko miwili mirefu.
"Samahani," akacheka, "mikono ilienda yenyewe."

Nalivaa nikienda kununua gazeti.
Kulia miwani. Kushoto njugu.
Na chini ya bitana huu wangu,
ambao hajaufungua mtu,
unabisha, unabisha,
kama mpangaji aliyesahau ufunguo.